Saadani hadi Pangani kwa gari lenu: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka

Kwa wawili wanaotaka bahari na wanyama katika safari moja, mimi nitawaambia njia ya Bagamoyo, Saadani mpaka Pangani kabla sijataja nyingine yoyote. Saadani ndiyo hifadhi ya taifa pekee Tanzania inayopakana na Bahari ya Hindi. Asubuhi mnamtazama twiga, mchana mmeloweka miguu kwenye maji ya chumvi. Ila watu huichukulia kama matembezi ya Jumapili, na hapo ndipo wanapoumia.

Anzeni na gari. Tairi nne na ya akiba yenye upepo, jeki, maji ya rejeta, breki, kizima moto, pembetatu za tahadhari. Spana ya magurudumu ijaribuni nyumbani kwa kulegeza nati moja, kwa sababu baadhi ya magari yaliyotumika huuzwa na spana isiyoingia. Jazeni tanki Bagamoyo, msitegemee kituo cha mafuta huko mbele.

Masika, Machi hadi Mei, ahirisheni. Udongo mweusi wa Saadani ukilowa huganda kwenye tairi hadi meno yote yanapotea, gari linabaki kuteleza kama limepakwa sabuni. Nendeni kati ya Juni na Septemba, na gari lililoinuka.

Malipo ya hifadhi yanapita benki, kwenye kadi au simu, kwa hiyo msifike langoni na noti tu. Noti ndogondogo mtazihitaji vijijini. Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o wanazipenda na wanauma kupitia shati. Chandarua, dawa ya mbu, maji ya kunywa ya siku mbili. Ramani ipakueni kwenye simu mapema, mtandao hupotea. Na kuwe na mtu mmoja nyumbani anayejua mnalala wapi.

Sasa bahari. Hapa naomba msome polepole.

Mwaka wetu wa nne wa ndoa tulilala upande wa Pangani. Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu, unang'aa hadi vivuli vya minazi vilikuwa vimejichora mchangani. Tulikaa nje tukiutazama mpaka saa sita. Sote wawili tumekulia bara, hakuna aliyejiuliza mwezi kama ule una maana gani kwa maji.

Kesho yake saa nne asubuhi tukafika kwenye ufukwe mmoja mpana sana. Maji yalikuwa mbali, ngalawa zimelala ubavu kwenye tope. Mchanga ulikuwa mgumu, unashika tairi vizuri. Mume wangu alitaka kuegesha juu, mimi nikasema tushuke zaidi, tusibebe vitu mbali. Tukavuka mstari wa mwani mkavu bila hata kuutazama, tukafunga gari, tukaenda kutembea.

Tuliporudi saa nane, mawimbi yalikuwa yanalamba matairi ya nyuma. Mume wangu akawasha, akakanyaga mafuta, na kila alipokanyaga gari lilizidi kujichimbia hadi likakalia tumbo. Maji yakaingia chini ya mlango wangu, kapeti ya miguuni ikaelea. Nilipiga kelele. Wakaja wavuvi, na mzee mmoja wao, baada ya shikamoo zetu za kutetemeka, akauliza, "Wanangu, jana usiku hamkuuona mwezi? Leo bamvua, maji makubwa. Maji haya yanafika pale kwenye minazi."

Akamwambia mume wangu aache mafuta kabisa. Tairi zote zikatolewa upepo hadi zikalegea, watu wakachimba mbele ya magurudumu kwa mikono, wakalaza makuti, kisha wanaume tisa wakasukuma kwa kuhesabu. Gari lilitoka. Mimi nilikaa mchangani nikalia. Miezi michache baadaye breki zikaanza kukwama kwa kutu, na fundi akasema tungeliosha chini kwa maji yasiyo na chumvi siku ileile tungejiokoa.

Kwa hiyo shikeni hili. Bamvua huja mwezi unapokuwa mpevu na unapoandama. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, bahari haisogei sana. Siku za bamvua katika pwani yetu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa karibu saa nne asubuhi, hujaa karibu saa kumi jioni, na kila siku inayofuata huchelewa kwa kama dakika 50. Ndiyo maana ufukwe unawavutia asubuhi na kuwanasa mchana. Ulizeni mvuvi yeyote, atawaambia bila kuangalia kitabu. Na mstari wa mwani mkavu ndio alama ya maji yalipofika mara ya mwisho: egesheni juu yake, mbali juu yake. Bebeni kamba ya kuvutia, koleo, na pampu ya kurudisha upepo.

Jambo jingine la wawili: mkubaliane kabla kwamba mmoja akisema turudi, mnarudi. Siku ile mume wangu alisita, nikambishia. Msibishane mkiwa kwenye usukani.

Tembo akiwa barabarani, simameni mbali, msipige honi, na msipite kamwe kati ya mama na mtoto. Msishuke garini ila sehemu zilizoruhusiwa. Vioo vifungwe panapo nyani. Kwenye ufukwe wa Madete, ndani ya hifadhi, kasa hutaga mayai, kwa hiyo msiwashe tochi wala taa za gari usiku, watoto wao hufuata mwanga wakapotea badala ya kufika baharini. Mto Wami una mamba na viboko, msiogelee hata karibu na mdomo wake, hata mkiona maji yametulia. Usiku msiendeshe, ng'ombe hulala barabarani. Na kabla ya kuondoka Pangani, inameni mtazame chini ya gari, nati, mabomba, kila kitu, hata kama lilikuwa zima jana.