Kabla ya kujisajili kwa triathloni ya kwanza

Wengi hapa Nairobi wakisikia triathloni, mchezo wa kuogelea, baiskeli na mbio kwa mfululizo, huulizia baiskeli kwanza: inauzwa wapi, ni pesa ngapi? Hilo lisubiri. Anza na maji. Shindano fupi, lile la sprinti, ni kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kisha mbio za kilomita 5, na saa haisimami katikati. Mbio zikikushinda utatembea. Baiskeli ikikushinda utashuka uikokote. Majini hakuna pa kukaa. (Umbali wa Olimpiki, uliotumika triathloni ilipoingia kwenye Olimpiki Sydney mwaka 2000, ni mara mbili ya huo. Usiuwaze mwaka huu.)

Katika bwawa la mita 50 kama la Kasarani, mita 750 ni kulivuka mara 15. Mabwawa mengi ya hoteli ni mafupi zaidi, kwa hiyo ulizia urefu kabla ya kuanza kuhesabu. Usilipe ada ya shindano hadi umalize umbali huo bila kusimama, hata kwa mtindo wa chura. Kanuni hazichagui mtindo. Ziwani au baharini hakuna mstari mweusi chini wa kukuongoza, basi zoea kuinua macho kila baada ya mikono michache ulitafute boya. Ukichoka, ruhusa unayo ya kulishika boya upumue, mradi usijivute nalo kwenda mbele.

Baiskeli, azima. Iwe na breki mbili nzima, na fundi aiangalie gia na matairi. Helmeti nunua yako, ikukae sawasawa kichwani. Jifunze kubadilisha tyubu mwenyewe, kwa sababu pancha ya shindanoni haina fundi wa kando ya barabara. Kwa mazoezi, njia za msitu wa Karura zinamfaa anayeanza. Thika Road iendee Jumapili alfajiri, kabla matatu hazijachangamka. Ile barabara ya juu, Expressway, hairuhusu baiskeli kabisa.

Sasa jambo ambalo wanaoanza hulipuuza: kubadilisha vifaa, yaani kutoka majini kwenda kwenye baiskeli, kisha kwenye mbio. Nyumbani, tandika taulo sakafuni. Helmeti ilale kichwa chini juu ya usukani, mikanda ikining'inia nje, miwani ndani yake. Raba ziwe zimelegezwa kamba, na poda kidogo ya mtoto ndani ili mguu wenye maji uingie. Kisha fanya kwa mfuatano: helmeti, funga mkanda hadi ulie “tik”, ndipo uguse baiskeli. Kuiondoa mahali pake kabla ya mkanda kufungwa ni kosa la kuadhibiwa, na ukirudi hufungui mpaka baiskeli iwe imetundikwa mahali pake. Rudia hadi mikono iende yenyewe.

Mara moja kwa wiki, ukishuka tu kwenye baiskeli, kimbia dakika kumi. Miguu itakuwa mizito kama si yako; ni kawaida, na huisha baada ya muda. Afadhali uionje hali hiyo Karura kuliko siku yenyewe.

Mwenye presha, pumu au moyo amwone daktari kwanza.

Na shindano likiwa Pwani, wewe uliyezoea baridi ya Nairobi, joto ndilo litakalokusumbua. Kunywa maji ukiwa bado juu ya baiskeli. Ukishaanza kukimbia, tumbo hukubali kidogo tu.