Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupeleka Wanafunzi Kilwa Kisiwani

Mwalimu mwenzangu, kama unapanga kupeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani kwa ajili ya mada ya kuja kwa Wareno, soma haya kabla hujaanza kuchangisha nauli.

Kibali kinachukuliwa Kilwa Masoko, upande wa bara, kabla ya kuvuka. Nenda na barua ya shule yenye idadi kamili ya msafara, na chukueni mwongozaji wa palepale.

Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji. Kofia pia. Viatu viwe vya kufunika mguu, maana mawe ya matumbawe yanakata na vichaka vina miiba. Mavazi yawe ya heshima: kisiwa kina wenyewe, wanaishi pale, wanaswali pale na wanazika pale. Miezi ya masika achaneni nayo.

Mlango wa bahari wa kuvuka ni mfupi, ndiyo maana watu huudharau. Kila mtoto avae boya, hata nahodha akisema ni hapo tu. Muulize saa za maji kujaa na kupwa, na mpange kurudi kabla upepo wa alasiri haujakaza.

Hayo kila mtu atakwambia. Hili la pili wengi hawalisemi, nalo ndilo linaloharibu ziara nzima: usianzie Gereza, ile ngome ya kale iliyo ufukweni.

Chombo kinawashusha karibu na ngome hiyo. Ni jengo kubwa, kuta zake bado zimesimama, na mnaliona tangu mkiwa majini. Wanafunzi wakikanyaga mchanga tu wanalikimbilia, na mwalimu aliyechoka na safari anaona bora aanzie hapohapo. Nimeona kinachofuata. Tulivuka siku moja na shule nyingine. Mwalimu wao aliwakusanya mbele ya Gereza, akafungua kijitabu, akasema Wareno walifika mwaka 1505 wakajenga ngome hii. Wanafunzi wakaandika. Walipofika Msikiti Mkuu, binti mmoja akanyoosha mkono: na huu pia walijenga Wareno? Mwalimu, akiwa anatazama saa, akajibu kwamba magofu yote haya ni ya wakati huo. Mzee aliyekuwa anawaongoza akasema kwa upole, "Hapana mwalimu, huu ni wa wazee wetu." Hakuna aliyebadilisha alichokuwa ameandika. Katika kundi lile alikuwemo kijana ambaye kwao ni Kilwa. Alikaa kimya mpaka Masoko. Baadaye nilipopita shuleni kwao nilikuta ripoti za ziara zimebandikwa ukutani, moja baada ya nyingine: Wareno walijenga Kilwa. Watoto wamesafirishwa mchana kutwa kwa fedha za wazazi, wamesimama mbele ya ushahidi wenyewe, na wamerudi na uongo ambao hawakuwa nao walipoondoka nyumbani. Liliniuma, na bado linaniuma.

Hata hiyo Gereza yenyewe haikuelezwa sawa. Wareno walijenga ngome yao ya Santiago mahali pale mwaka 1505, lakini mnachokiona leo kwa sehemu kubwa ni jengo lililojengwa upya wakati wa Waomani, karibu na mwaka 1800. La Wareno limebaki kidogo sana.

Kwa hiyo mkishuka, pitilizeni Gereza, hata kama wanafunzi watanung'unika. Nendeni Msikiti Mkuu. Waonyeshe ukumbi wa kaskazini, ule mdogo, ambao asili yake ni karne ya 11, kisha upanuzi wenye nguzo na makuba ulioanzishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14. Wape dakika za kuhesabu wenyewe: karne ngapi kabla ya meli ya kwanza ya Mreno? Usiwatajie jibu. Baada ya hapo tembeeni hadi Husuni Kubwa, kasri la sultani huyohuyo, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linalotazama bahari. Ni mwendo juani, na wapo watakaoomba muiache. Msiiache. Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri zaidi, na mtoto aliyesimama kando ya birika lile hahitaji kushawishiwa.

Hapo ndipo pa kueleza utajiri ulitoka wapi. Dhahabu ilichimbwa bara, kwenye nyanda za Zimbabwe, ikateremshwa hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Kilwa kwa muda mrefu ndiyo iliyoishika biashara hiyo. Sarafu ya Kilwa yenye jina la al-Hasan imepatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, hukohuko bara. Mwanafunzi akilishika hilo, ataelewa Wareno walifuata nini. Vitabu vingi vya shule huorodhesha sababu za kuja kwao kama orodha ya sokoni, kisha mwanafunzi anakariri bila kuona kwamba sababu mojawapo iko chini ya miguu yake.

Sasa rudini Gereza, na hapo ndipo msimulie 1502 na 1505. Msipunguze makali. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alifika na kundi la meli za kivita akamlazimisha Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilipelekwa Lisbon, na Mfalme Manuel akaamuru itengenezewe chombo cha ibada. Kilikamilika mwaka 1506, na hadi leo kimo katika jumba la makumbusho la taifa la sanaa za kale mjini Lisbon, kinaitwa Custódia de Belém. Tafuteni picha yake, ichapeni kabla ya safari, na mwipitishe mkono kwa mkono mkiwa mmesimama pale ufukweni. Nakuhakikishia hakuna atakayesinzia.

Kisha 1505. Francisco de Almeida, kapteni mkuu wa msafara wa Wareno, aliingia bandarini mwezi Julai akiwa na meli 8, na alfajiri ya tarehe 24 askari wake wakashuka. Amir Ibrahim akakimbia. Mjerumani mmoja aliyekuwemo kwenye msafara, Hans Mayr, ameacha maelezo: nyumba za mawe za ghorofa, bustani, michungwa na milimau, mapadri wakishuka na misalaba miwili wakiimba sala ya shukrani hadi ikulu, kisha, msalaba ukishawekwa na kapteni mkuu akishasali, watu wakaanza kupora bidhaa na vyakula vya mji. Msomee mwanafunzi mambo hayo kwa mpangilio uleule, sala halafu uporaji, na muulize anaelewa nini. Na kwa haki msomee upande wa pili: historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne hiyohiyo ya 16 inasema waliojua ukweli walitambua kuwa wageni hawa walikuja kuipeleleza nchi ili waichukue. Watu wa Kilwa hawakuwa wajinga waliopigwa na butwaa. Waliona, wakaandika.

Usisahau kumalizia na 1512, maana ndipo wengi hukatisha. Wareno waliiacha ngome mwaka huo. Wafanyabiashara Waswahili walikuwa wamehamishia dhahabu na pembe kwenye njia nyingine, zikiwemo za Angoche, kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, na ngome ikawa inakula fedha bila kuleta faida. Mizinga iliuteka mji kwa asubuhi moja, lakini haikuweza kumlazimisha mfanyabiashara kuleta mali yake. Kilwa iliumia vibaya, haikurudi tena kuwa ile ya al-Hasan, ila haikufa: karne ya 18 ilikuwa na sultani wake tena, na mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice akafunga naye mkataba wa kununua watumwa. Hilo nalo lisemwe. Ukilificha ili hadithi ipendeze, umewadanganya vilevile.

Mambo mengine madogo. Wasipande kuta, zinaanguka. Wasiokote vigae wala shanga, hata kipande kidogo kama ukucha, na mtu akija na sarafu za zamani za kuuza msinunue, ni mali ya taifa. Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, itengeeni siku yake, msijaribu kuibana jioni. Picha za mtandaoni msiziamini bila kuangalia ni za gofu lipi, kwani nyingi zimeandikwa majina yasiyo yake. Mwongozaji akisema jambo msilolijua, muulizeni amelipata wapi, kwa adabu. Ripoti zisomwe na mwalimu kabla ya kubandikwa. Hesabu wanafunzi kabla ya kupanda chombo, hesabu tena mkishuka Masoko, na usimwachie kiranja kazi hiyo.