Jinsi ya kuomba kibali cha kuwinda wanyama wakubwa

Waombaji wengi huanza na bunduki. Wewe anza na mnyama. Ukishajua unataka kuwinda mnyama gani na eneo lipi, soma kanuni za idara ya wanyamapori inayohusika: msimu, mgao wa mwaka (idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa) na silaha inayoruhusiwa. Kwa nyati wa Afrika, nchi nyingi hazikubali kaliba (kipenyo cha risasi) iliyo chini ya inchi .375.

Kisha tafuta cheti cha mafunzo, maana sehemu nyingi ombi halipokelewi bila hicho. Hutahiniwa sheria, utambuzi wa wanyama, usalama wa silaha na shabaha. Kwenye shabaha ndipo wengi hukwama: wamezoea kulenga wakiwa wameegemea meza, ilhali porini utapiga umesimama, bunduki ikiwa juu ya fito tatu zilizofungwa pamoja, na bado unahema kwa mwendo. Fanya mazoezi hivyo hivyo.

Sasa jaza fomu. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Namba ya bunduki isome kwenye chuma chenyewe, usinakili kutoka kwenye risiti. Tarakimu moja ikikosewa, silaha inaweza kuzuiwa forodhani. Ambatisha cheti na leseni ya silaha, lipa ada.

Penye waombaji wengi kuliko mgao, idara huchezesha bahati nasibu. Baadhi ya majimbo ya Marekani humpa aliyekosa pointi za kumsogeza mbele mwaka unaofuata, kwa hiyo omba mapema hata kama huna haraka.

Kama utavuka mpaka na nyara, yaani ngozi, pembe au fuvu la mnyama uliyemwinda, shughulikia vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa 1973 unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kabla hujakata tiketi. Kwa mnyama wa Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya mkataba huo yenye ulinzi mkali zaidi, kama chui, nchi yako hutoa kwanza kibali cha kuingiza, ndipo nchi ya uwindaji itoe cha kusafirisha nje. Ukigeuza mpangilio huo utazungushwa ofisi hadi ofisi. Kibali cha kusafirisha hudumu miezi 6 tu, nao ukaushaji wa ngozi hauna haraka.

Siku ya kuwinda beba leseni halisi ya uwindaji, na mnyama akianguka ijaze papo hapo. Akijeruhiwa akatoroka, sehemu nyingi huhesabiwa kuwa umeshamchukua, na ada yake utailipa yote.