Majani ya bitiruti: kuyachuma bila kudumaza kiazi, na kuyapika yasiwe matope

Ile spinachi ya majani mapana na vikonyo vinene vyeupe ni spishi moja na bitiruti, Beta vulgaris. Mmoja umechaguliwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya majani, mwingine kwa ajili ya kiazi. Anayekata majani ya bitiruti na kuyatupa kwenye mboji anatupa mboga ileile anayoihangaikia kwenye tuta la pili.

Kuchuma

Mavuno ya kwanza huja mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kile tunachokiita mbegu ya bitiruti kwa kawaida ni kifundo chenye mbegu mbili hadi nne, ndiyo maana miche huota kwa vishada hata ukiwa umepanda punje mojamoja. Ikifika urefu wa sentimita 5 hadi 8, bakiza mche mmoja kila baada ya sentimita 8 hadi 10. Iliyozidi ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Ukiing'oa, mizizi iliyoshikana itautikisa na ule unaobaki. Miche hiyo huliwa mizima, mibichi, na haina haja ya kupikwa.

Majani makubwa yanaanza kuchumika wiki ya 5 au 6 tangu kupanda, yakiwa na urefu wa sentimita 10 hadi 15. Chuma ya nje, tena yasizidi theluthi moja ya majani yote, na yale machanga manne au matano ya katikati usiyaguse kabisa. Sukari inayojaza kiazi hutengenezwa kwenye jani. Mmea unaochumwa kila baada ya siku tatu utakupa mboga nyingi na kiazi cha ukubwa wa ndimu. Ukishachuma mmea mmoja, upumzishe siku 10 hadi 14. Anayetaka majani tu apande kwa kubanana, sentimita 5 kati ya mche na mche, asitarajie kiazi cha maana. Kuvitaka vyote viwili kwa wingi kwenye mmea mmoja haiwezekani.

Kata kikonyo kwa kisu, sentimita 2 juu ya kichwa cha kiazi. Ukilivuta jani kwa mkono unachana kichwa, na kuoza huanzia kwenye kidonda hicho. Chuma asubuhi, jani likiwa bado limejaa maji.

Mbolea yenye naitrojeni nyingi hupendeza macho: majani hunenepa na kung'aa. Lakini kiazi hubaki kidogo, na jani hulimbikiza naitreti, kemikali ya naitrojeni isiyofaa mwilini ikizidi. Weka kwa kiasi.

Siku ya kung'oa viazi, tenganisha majani papo hapo, ukibakiza sentimita 2 hadi 3 za vikonyo juu ya kiazi ili kisivuje rangi. Yakiachwa yameshikana, majani huendelea kunyonya maji ya kiazi na kukifanya kinywee. Majani usiyaoshe kwanza. Yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, uyaweke kwenye friji, uyale ndani ya siku mbili au tatu. Yakinyauka, punguza ncha za vikonyo uyatumbukize kwenye maji baridi kwa nusu saa.

Kuchambua

Jani lenye mabaka meupe kama karatasi limeingiliwa na funza wachimba majani, wanaoishi kati ya ngozi ya juu na ya chini. Kata sehemu hiyo, kilichobaki ni salama. Madoa madogo ya mviringo yenye kitovu cha kijivu na ukingo wa zambarau ni ugonjwa wa ukungu. Machache hukatwa, lakini jani lililojaa madoa litupe. Mmea ukishatoa shina la maua, majani yake huwa machungu na magumu, na hakuna upishi utakaoyaokoa.

Mikunjo ya jani hushika mchanga. Jaza beseni maji, suuza, kisha yainue majani kwa mikono. Ukimwaga maji majani yakiwa ndani, mchanga uliotulia chini huyarudia. Beseni mbili hadi tatu zatosha.

Kupika

Kosa kubwa ni kupika kikonyo na jani pamoja. Kikonyo kikiiva, jani limeshakuwa matope. Tenganisha, kata vikonyo vipande vya sentimita 2, na majani yakate mapana.

Kwa watu wawili au watatu: nusu kilo ya majani na vikonyo, kitunguu 1, punje 3 za kitunguu saumu, vijiko 2 vya mafuta, nusu ndimu. Kaanga kitunguu kilainike, tia vikonyo kwa dakika 4, kisha saumu kwa nusu dakika. Ongeza majani yakiwa na maji ya kuoshea tu, geuza dakika 2 hadi 3, epua yangali na rangi. Sufuria iliyofurika itashuka hadi chini, kwa hiyo chumvi itiwe mwishoni na iwe kidogo: majani haya yana sodiamu nyingi ya asili kuliko mboga nyingi za majani. Ndimu nayo ikamuliwe mezani, kwa sababu asidi hufifisha kijani. Magadi yaache kabisa. Huivuruga rangi nyekundu ya vikonyo na kulainisha jani kupita kiasi.

Kwa friza, chemsha majani dakika 2, yatumbukize kwenye maji ya barafu, kamua sana, funga kwa mafungu ya mlo mmoja.

Wa kujihadhari

Majani haya yana oksaleti, kemikali inayoweza kujenga mawe kwenye figo, nyingi kuliko kiazi chenyewe. Aliyewahi kuwa na mawe ya oksaleti kwenye figo aulize daktari wake kwanza. Kuchemsha kwa maji mengi na kuyamwaga hupunguza sehemu yake, hakuiondoi yote. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze kuyala kwa wingi ghafla, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupingana na dawa hiyo. Kiporo kisikae nje ya friji, na watoto wachanga wasipewe majani haya, kwa sababu ya naitreti. Mkojo ukitoka mwekundu baada ya kula vikonyo vingi au kiazi, kwa kawaida ni rangi tu inayopita.

Kichwa cha kiazi kilichokatwa unene wa sentimita 2, kikiwekwa kwenye kisahani chenye maji kidogo yanayobadilishwa kila siku, huchipua majani mapya machanga kwa kachumbari. Kiazi kipya hakitatokea hapo.