Tengeneza moduli ya Biblia ya Kiswahili kwa programu huria: anza na Yona

Vijana wengi wa Dar es Salaam wanaojua kuandika programu, wakitaka kuwatengenezea wenzao wa usharika Biblia ya kwenye simu, huanza na vitufe na rangi. Nawasihi waanze na maandishi. Programu nzuri za chanzo huria zipo tayari: AndBible kwa Android, Xiphos na BibleTime kwa Linux. Zote zinasoma moduli (vifurushi vya maandishi) za SWORD, mradi wa shirika la CrossWire. Ukiandaa moduli moja vizuri, inafunguka kote huko, tena bila intaneti. Mtu wa Mbagala aliyeishiwa bando anasoma na kutafuta neno kama kawaida.

Tutafanya kitabu cha Yona: sura 4, mistari 48. Ni kifupi, lakini matatizo makubwa ya Biblia nzima yamo humo.

Hatua ya 1: Ruhusa

Biblia ya Muungano ya 1952 ndiyo iliyozoeleka makanisani, lakini ina wenyewe. Kuikuta mtandaoni hakukupi haki ya kuisambaza, hata kama hutozi hata senti. Tumia toleo huria la Neno: Bibilia Takatifu la Biblica, lenye leseni ya CC BY-SA 4.0. Unaruhusiwa kunakili, kubadili na kusambaza, mradi uwataje wenye kazi, useme umebadili nini, na utoe kazi yako kwa leseni hiyohiyo. Pakua faili za USFM, si PDF.

Hatua ya 2: Soma USFM kwa macho yako

USFM ni maandishi ya kawaida yenye alama. Yafungue kwa kihariri cha maandishi matupu, usitumie Word. Mfano:

```
\id JON
\h Yona
\mt1 Yona
\c 1
\p
\v 1 Neno la \nd Bwana\nd* lilimjia Yona
```

`\id` ni utambulisho wa kitabu. Uache JON, usiugeuze kuwa YON. `\c` ni sura, `\v` ni mstari, `\p` inaanza aya mpya. Sala ya Yona katika sura ya 2 ni ushairi, kwa hiyo humo utakuta `\q1` na `\q2`. Nenda taratibu kwenye `\nd`: inaonyesha kwamba hapa ni jina la Mungu, na programu yenyewe italiandika BWANA kwa herufi kubwa. Ukiandika herufi kubwa kwa mkono tu, msomaji ataelewa lakini kompyuta haitajua kitu.

Hatua ya 3: Safisha ng'

Hapa ndipo Kiswahili kinapohitaji uangalizi ambao miongozo ya wageni haiutaji. Alama iliyo kwenye ng'ombe inaweza kuwa imeandikwa kwa herufi tofauti za Unicode: ile iliyonyooka (U+0027), iliyopinda (U+2019), au U+02BC. Kwa macho zinafanana. Kwa kompyuta ni maneno tofauti, na anayeandika ng'ombe kwa simu yake ataambiwa neno halipo, wakati mfalme wa Ninawi ameyataja makundi ya ng'ombe waziwazi katika 3:7.

Chagua moja, ninapendekeza iliyonyooka, kisha kwenye terminali ya Linux:

```
sed -i "s/\([Nn][Gg]\)[‘’ʼ]/\1'/g" *.usfm
```

Usibadilishe alama zote zilizopinda kwa mkupuo, maana nyingine zinafunga maneno ya mzungumzaji. Amri hii inagusa tu zilizofuata "ng", na kwa kuwa neno la Kiswahili haliishii kwa "ng", alama za kufungia usemi zinabaki salama.

Hatua ya 4: Kagua hesabu ya mistari

Katika Biblia zetu nyingi, samaki anammeza Yona kwenye 1:17. Katika hesabu ya Kiebrania, mstari huohuo ni 2:1. Kwa hiyo sura mbili za kwanza zina mistari 17 na 10 huku, 16 na 11 kule. Jumla ya kitabu ni 48 pande zote, hivyo ukihesabu jumla peke yake hutaona kosa. Hesabu sura kwa sura.

SWORD ina mipangilio kadhaa ya hesabu za mistari: KJV (ya Biblia ya Kiingereza ya King James), Catholic, Synodal na mingine. Biblia yenye vitabu vya deuterokanoni (vile vya ziada vilivyo katika Biblia ya Kikatoliki) haienei kwenye KJV. Kwa Yona yetu, KJV inafaa.

Hatua ya 5: Geuza

USFM inageuzwa kuwa OSIS, ambayo ni XML, kisha OSIS inakuwa moduli. Hati ya `usfm2osis.py` inatoka CrossWire.

```
sudo apt install libsword-utils diatheke xiphos
usfm2osis.py SwaJaribio -o yona.xml JON.usfm
mkdir -p ~/.sword/mods.d
mkdir -p ~/.sword/modules/texts/ztext/swajaribio
osis2mod ~/.sword/modules/texts/ztext/swajaribio yona.xml -v KJV -z z
```

Ukiona ujumbe wa `INFO(V11N)`, simama. Maana yake kuna mstari usio na nafasi kwenye mpangilio uliouchagua, na maneno yake yamebandikwa kwenye mstari uliotangulia.

Hatua ya 6: Faili ya maelezo

Iweke kwenye `~/.sword/mods.d/swajaribio.conf`:

```
[SwaJaribio]
DataPath=./modules/texts/ztext/swajaribio/
ModDrv=zText
SourceType=OSIS
Encoding=UTF-8
CompressType=ZIP
BlockType=BOOK
Versification=KJV
Lang=sw
Version=0.1
Description=Yona, moduli ya majaribio
```

Ongeza `About` na `DistributionLicense` ukitaja wenye kazi na leseni.

Hatua ya 7: Jaribu kwa diatheke, programu ya kusoma moduli kwenye terminali

```
diatheke -b SwaJaribio -k "Jonah 1:17"
diatheke -b SwaJaribio -s regex -k "kimbi"
```

Amri ya pili inatafuta kwa mzizi, ipate akakimbia, kukimbilia na nduguze. Vitenzi vyetu hubeba viambishi mbele, kwa hiyo anayetafuta neno zima hukosa mengi.

Sasa ingia `~/.sword`, funga faili ya conf na folda ya moduli pamoja katika zip ukiacha njia za folda zilivyo, uitume kwenye simu kwa Bluetooth na uifungue kwa AndBible. Mpe mtu wa jumuiya asome kwa sauti, wewe ukifuatilia kwenye USFM. Makosa atakayoyakuta yasahihishe kwenye USFM, kamwe si kwenye XML, kisha rudia hatua ya 5. Kila unapotoa marekebisho pandisha namba ya `Version`, ili programu ijue kuna toleo jipya.