Ukienda Mkunazini kwenye lililokuwa soko la watumwa, usianzie chini

Watu wengi wakifika Mkunazini, pale Mji Mkongwe Zanzibar, wanashuka moja kwa moja kwenye vyumba vya chini vinavyoonyeshwa kama walimofungiwa watumwa, selfie mbili tatu, wametoka. Usifanye hivyo. Anza na maonyesho, tena soma taratibu, coz pale ndo utaelewa watu walitolewa wapi huko bara, walitembezwaje mpaka pwani, na nani alikuwa ananufaika, maana bila hayo vile vyumba utaviona kama stoo tu.

Kufika ni rahisi, ukiwa Darajani ingia mtaani kwa miguu, uliza Kanisa la Mkunazini, ndo limesimama palipokuwa soko, hakuna asiyelijua. Beba kitambulisho, bei ya sisi na ya wageni wa nje si moja. Vaa nguo ya heshima maana lile ni kanisa linasaliwa, Jumapili asubuhi usilitegemee kabisa.

Chukua muongoza wageni ila muulize maswali. Vile vyumba vya chini muulize vilijengwa lini, kuna wanahistoria wanasema ni vya wamisheni, baada ya soko kufungwa, na jinsi atakavyokujibu utajua umepata mtu anayejua au kasuku. Soko lenyewe halina ubishi, Sultan Barghash alilifunga Juni 1873 kwa kubanwa na Waingereza, na mwaka huohuo kanisa likaanza kujengwa juu yake. Ndani angalia duara la marumaru mbele ya madhabahu, inaelezwa ndo paliposimama mti wa kuchapia watu viboko.

Nje kuna shimo lenye sanamu 5 za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs ya 1998. Hapo kaa. Zunguka uangalie sura moja moja, kila mtu kaangalia kwake, na plz usishuke mule shimoni kupiga picha, nishaona watu wanapozi mule wanacheka, yaani aibu naona mimi.

Ukibaki na muda panda daladala ya Bumbwini ushuke Mangapwani. Kufungwa soko hakukumaliza biashara, iliendelea kwa magendo, na utumwa wenyewe Zanzibar ulipigwa marufuku 1897, sasa kule kuna chemba iliyochimbwa kwenye mwamba karibu na bahari walikofichwa watu wakisubiri jahazi. Nenda mchana, viatu visivyoteleza, na tochi ya simu iwe na chaji.