Kuandaa Land Cruiser ya kupanda makoro ya lava: kazi iliyokula Jumamosi mbili

Shemeji yangu alinunua Land Cruiser HZJ78 iliyostaafu kazi za shirika. Kishikio cha antena ya redio bado kiko kwenye bampa, na mlangoni unaona alama ya stika iliyobanduliwa. Alitaka gari ya kumfikisha shambani kwake, upande wa Kibati, nje ya Goma huko Kongo, bila kushuka kila mita kumi kupima mawe. Kazi imeisha. Naandika kwa sababu ya hatua ya nne. Nyingine ungezimaliza hata bila mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu jiwe lenyewe. Lava ya mlima wa volkano wa Nyiragongo hutoka nyepesi, inakimbia kama uji, na ikipoa inabaki koro: jiwe lenye vitundu na kingo zinazokata kama chupa iliyovunjika. Ile ya 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Ya Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kuishia Buhene. Vijana wanatazama video za Moab, kule Marekani, wanaona gari zinapanda miamba kama mijusi, kisha wanakuja garaje kuomba gari iinuliwe. Ule mwamba wa Moab ni mchanga ulioshikana, tairi inaunata. Koro linakula tairi. Kwa hiyo kuinua gari kwangu si jambo la kwanza.

Hatua ya 1: Tairi

Gari ilikuja na 7.50R16 za kuweka tyubu, juu ya rimu za vipande. Niliziondoa siku hiyo hiyo. Pete ya rimu ya namna ile ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo, inaruka na kuua mtu. Halafu ukipunguza upepo, tairi inazunguka juu ya rimu, inavuta tyubu, na vali inakatika. Tafuta rimu za kipande kimoja na tairi zisizo na tyubu, za plai 10, yaani ngumu za kubeba mizigo. Chukua nyembamba na ndefu. Najua pana zinapendeza kwenye picha.

Barabarani tunatembea na upepo wa bari 2.5, juu ya makoro tunashuka hadi 1.6. Kwenye mchanga ungeshuka zaidi, lakini hapa ubavu ukivimba nje ndio unaokutana na koro, na ubavu ndio sehemu dhaifu ya tairi. Beba pampu yako. Usitegemee kijana wa kiraka, kule juu hayupo.

Hatua ya 2: Tumbo la gari

Bati la milimita 6 chini ya injini na usukani, lifungwe kwa bolti, lisichomelewe. Acha tundu la kumwagia oili. Pembeni, bomba nzito la chuma lishikwe na chasi, lisishikwe na bodi. Toa waya za betri kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea.

Hatua ya 3: Kuinua

Sentimita 5 zinatosha. Mbele HZJ78 ina springi za koili, nyuma lami, yaani springi za vyuma bapa vilivyopangwa. Badilisha springi zenyewe pamoja na amortisa, vile vifaa vya kutuliza mtikisiko. Usikubali vipande vya mbao au bomba vilivyowekwa juu ya springi ya zamani, nimeshaviona vikitoka njiani. Ukiinua mbele, pembe ya ekseli inabadilika na usukani unaanza kutangatanga ukiongeza mwendo, kwa hiyo nunua bushi za kurekebisha pembe hiyo pamoja na springi, usisubiri.

Hatua ya 4: Breki

Hapa ndipo tulipozama.

Baada ya kuinua, shemeji aliteremka na gari mara moja akarudi. "Shemeji, inainamisha pua kama mbuzi anakunywa maji, na haisimami." Nikasema hewa. Tukatoa hewa kwenye magurudumu manne, tukajaza mafuta mapya, tukarudia. Hakuna kilichobadilika. Nikalaumu silinda kuu ya breki, tukanunua nyingine. Pedali ikawa ngumu kidogo, pua ikaendelea kuinama. Jumamosi ya kwanza ikaisha hivyo, nikala ugali usiku saa nne, mikono inanuka mafuta ya breki.

Jumamosi ya pili nililala chini ya gari bila kushika kitu, nikafuata bomba la breki za nyuma kwa macho tu. Juu ya ekseli ya nyuma kuna kifaa kimefungwa kwenye chasi, na mkono mwembamba wa chuma unashuka kutoka kwake hadi kwenye ekseli. Mafundi wetu wanakiita repartiteri. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari ikibeba, chasi inasogelea ekseli, mkono unapanda, na breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Gari ikiwa tupu, zinapewa kidogo ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kukuzungusha kwenye utelezi.

Sasa fikiria tulichofanya. Tuliinua chasi sentimita 5, mkono ukavutwa chini, na kile kifaa kikaamini gari ni tupu kuliko tupu. Nyuma hakukuwa na breki za maana. Mbele walikuwa wanafanya kazi ya wote.

Dawa ni kupandisha kishikio cha mkono huo, pale kwenye ekseli, kwa kiasi kile kile ulichoinua gari. Tulikata kipande cha chuma, tukatoboa matundu mawili, robo saa. Lakini sikiliza:

Usikiondoe kifaa hicho. Kuna fundi atakuambia aunganishe bomba moja kwa moja. Siku ya mvua, gari tupu, utaona mkia wako unakupita.

Piga picha ya mkono huo kwa simu kabla ya kuinua gari. Ile pembe ya mwanzo ndiyo unayoirudisha. Sisi hatukuwa na picha, tukaenda kuchungulia chini ya gari ya jirani.

Kifaa hiki kina skrubu yake ya kutolea hewa. Mimi nilitoa hewa magurudumu manne mara tatu bila kuigusa, wakati mapovu yamekaa humo. Ifungue mwisho, baada ya magurudumu.

Nati za mabomba ya breki ni za 10. Tumia spana maalumu ya mabomba, inayoshika nati pande zote. Ya kawaida itakula kona, kama ilivyokula yangu, na utanunua bomba zima.

Kisha mipira ya breki, yale mabomba laini yanayopeleka mafuta kwenye magurudumu. Inua kona moja kwa kriki mpaka gurudumu lininginie kabisa, weka stendi, uangalie mpira: ukikaza kama kamba ya gitaa, ni mfupi, weka mrefu zaidi. Fanya hivyo kona zote nne, na mbele zungusha usukani hadi mwisho kila upande. Mmoja wetu wa mbele ulikuwa umekaza.

Jaribu mahali pa wazi penye changarawe, kilomita 30 kwa saa, mtu asimame pembeni akitazama. Ukikanyaga sana, mbele zikwame kabla ya nyuma kidogo tu. Nyuma zikitangulia, kishikio umekipandisha mno.

Hatua ya 5: Kufunga difu

Difu ndiyo inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia; ukiifunga, yanazunguka pamoja. Weka kifungio cha nyuma tu. Cha mbele, hela hiyo nunua tairi ya tano na ya sita.

Hatua ya 6: Kuendesha

Gia ndogo, namba moja, mguu mbali na klachi. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, inatambaa yenyewe bila kukanyaga mafuta. Weka tairi juu ya koro, usilipitishe katikati ya magurudumu. Inama kwanza uone bonge la difu ya mbele liko upande gani, maana hilo ndilo litakalogonga. Mtu wa kukuongoza nje awe mmoja. Wakiwa watatu, zima injini, wamalize kugombana.

Mkirudi nyumbani, kaza tena bolti za U zinazoshika lami za nyuma. Zetu zote nne zilikubali nusu mzunguko.